Nimepaka Viti vya Gari Mawese, Mama Mkwe Kahama Nyumba

Mpendwa Mama Veneranda, mshauri wetu, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba sana usinicheke, maana wa kunicheka hapa Kigoma wanatosha.

Mimi ni mpima ardhi, nimehamishiwa huku kutoka Moshi pamoja na mke wangu Sia, na tangu wakimbizi waanze kuingia kwa wingi mji umejaa magari meupe ya mashirika, basi Mzungu mmoja wa misaada alipomaliza mkataba wake aliniuzia gari lake dogo lenye viti vya ngozi halisi, ngozi ya ng'ombe, mama, siyo ile plastiki inayong'ang'ania mapaja wakati wa jua, na tangu siku hiyo nimevitunza viti vile kuliko ninavyotunza meno yangu. Masharti yangu si mengi: usipande na mchanga miguuni, usile ndani, usiingie na kitu kinachonuka, na ndiyo maana Sia akienda Kibirizi kununua dagaa hurudi amepanda nyuma ya baiskeli ya kukodi, kapu lake mapajani, nami namfuata taratibu kwa gari, vioo nimepandisha, ili watu wasiseme nimemtelekeza. Kwa sababu hiyohiyo nilimnyima lifti Agnesi, mama wa Kirundi aliyekimbia vita kwao, anayeishi chumba cha uani kwa jirani yetu na kuimba kwaya kanisani kwetu, maana naye alikuwa na dagaa, lakini nilimpungia mkono vizuri tu.

Sasa Mzungu aliniachia kopo la mafuta ya kupaka ngozi, likaisha, nikahamia losheni ya Sia, ikaisha, Sia akanuna, na jua la huku unalijua, ngozi ikaanza kukauka na kufanya nyufa ndogondogo, nikawaza kwamba ngozi ni ngozi na mafuta ni mafuta, nikanunua mawese sokoni, Jumamosi nikapaka viti vyote, Mama Veneranda, viling'aa, ungeviona ungevibusu.

Wiki hiyo mama mkwe alikuwa amekuja kwa treni kututembelea, na Jumapili akavaa gauni la rangi ya maziwa alilolishona maalumu kwa safari hii, nikamketisha kiti cha mbele kwa heshima zote. Mimi suruali yangu ni ya kahawia, na Sia huketi nyuma juu ya kanga kwa amri yangu, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Kanisani mchungaji akaomba wageni wapite mbele wasalimie, mama akanyanyuka, akapita katikati ya kanisa kichwa juu, na kanisa zima likaona nyuma yake maduara mawili ya rangi ya chungwa, mapana kama sahani za chai. Kicheko kilianzia kwaya ya akina baba kikasambaa, naye akadhani wamefurahi kumwona, akawapungia, akageuka huku na huku awasalimie wote, ndipo Agnesi akatoka kwenye kwaya, akavua kitenge chake begani akamfunga kiunoni, akamwambia, "Mwihangane, mama," ndiyo pole yao.

Mimi wakati huo sikuwamo ndani. Nilipoyaona tu yale maduara nilitoka kuangalia kiti, ya kitenge nilisimuliwa baadaye. Mama alinikuta nimeingiza kichwa garini na leso mkononi.

"Mkwe wangu," akasema, "umekuja kunitafutia kanga?"

"Hapana, mama. Nilikuwa naangalia kama kiti kimetoka rangi."

Akaondoka kwa miguu, Sia upande huu, Agnesi upande ule, nami nikawafuata taratibu kwa gari mpaka nyumbani Rusimbi, hakuna aliyegeuka. Jioni akahamishia begi lake chumbani kwa Agnesi, na huko ndiko analala mpaka leo, ndiko Sia anakopika na kula, napata harufu ya samaki wa migebuka wa kukaanga na ugali wa muhogo, nawasikia wanavyocheka watatu, nami nakula mkate. Sia amesema mama akiondoka mwisho wa mwezi, atapanda naye treni akapumzike Moshi, na hakusema atapumzika mpaka lini.

Naomba unisaidie: kwanza, mawese yanatokaje kwenye ngozi bila kuiharibu? Pili, mke wangu nimfanyeje?

Ni mimi, Mpenda Usafi, Rusimbi, Kigoma.

MAMA VENERANDA ANAJIBU:

Marahaba, baba. Umejificha kwa jina la Mpenda Usafi, halafu umemtaja mkeo, jirani, kwaya na mtaa. Kigoma nzima imeshakujua, kwa hiyo tuzungumze waziwazi.

Nimecheka. Nisamehe. Nilipofika pale ulipomfuata mkeo na vioo umepandisha ilinibidi niweke barua mezani. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu umeuliza kiti kwanza na mke baadaye, na hata hukushtuka ulipoandika hivyo.

Mama mkwe hakukasirishwa na mawese, kijana wangu. Gauni huharibika. Alikasirika kwa sababu watu walimcheka na wewe ukakimbilia kiti, akasitiriwa na mkimbizi uliyemnyima lifti. Pole kwa mkate mkavu, lakini umejitafutia.

Sasa fanya hivi. Nenda chumbani kwa Agnesi, piga hodi, usiingie mpaka uambiwe. Omba radhi kwa mama, Sia akisikia, na usitaje gari hata mara moja. Kisha liombe lile gauni ulifue mwenyewe, uani, mchana, majirani wakikuona. Sabuni ya mche, maji ya moto kiasi, sugua, kisha lianike kwenye jua kali likiwa bado limelowa. Rangi ya mawese hufifia juani. Isipofifia siku ya kwanza, fua tena.

Viti navyo, maana najua umeruka mistari kuja hapa: nyunyiza unga wa muhogo mkavu, uache ulale unywe mafuta, asubuhi pangusa kwa kitambaa laini. Rudia mpaka kitambaa kisishike rangi. Halafu kitambaa kingine chenye maji na sabuni kidogo, ukikamue vizuri, kausha kivulini. Mawese basi, losheni ya mkeo basi, na usithubutu mafuta ya taa. Agiza mafuta ya ngozi Dar, upake kidogo, gari ulilaze kivulini.

Vikishakauka, wapakie wanawake wote watatu uwapeleke Kibirizi. Mama mbele, bila gazeti wala kanga chini yake. Warudi na dagaa wao humohumo garini, vioo umeshusha. Harufu itatoka wiki ijayo. Sia akipanda treni, sina hakika kama atarudi.

Na siku ya treni, ukijikuta umebaki stesheni na viti vyako vinang'aa, usiniandikie mimi. Viandikie viti.