Aliyekuwa Akiitikia Shikamoo Yangu

Nyumba ya nyuma ya duka la vioo,
Ghorofa ya pili.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa kaka yangu,

Shikamoo. U hali gani huko uliko? Wifi na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, ila Mama magoti yanamsumbua, na anayagombeza kama vile yanamsikia. Anwani yako nimeipata kwa binamu yetu kinyozi, baada ya kumganda mpaka akachoka. Simu yako haipatikani tangu mwaka juzi.

Karakana ya makochi nilimokuwa nikifanya kazi ilifungwa. Tajiri aliuza jengo, tukatoka na mikasi yetu mikononi. Nilizunguka mji mzima nikiomba kazi, na kila mahali walitaka barua ya mwajiri, na mwajiri mwenyewe kahama hajulikani alipo.

Jirani yangu wa chini, mpiga chapa, ndiye aliyenifungulia blogu. Alisema, "Waonyeshe watu mkono wako, dada. Anayetaka fundi atakuona." Basi kila kochi nililopewa na majirani nilipiga picha: mikanda iliyolegea, springi zilizokatika, sponji iliyogeuka unga. Halafu nikaeleza nilivyolitengeneza.

Tatizo sikujua naandika kwa nani. Mimi na watu nisiowajua unatufahamu. Kwa hiyo nikakuandikia wewe. Kila habari ilianza, "Shikamoo kaka." Mpiga chapa alicheka mpaka akakaa chini, eti mtandaoni watu hawaamkiani. Nikamwambia namwamkia kaka yangu, siuamkii mtandao.

Akatokea mtu anayeitikia. Hana jina, hana picha. Chini ya kila habari anaandika "Marahaba," basi. Nikajua ni wewe, maana wewe tangu zamani maneno unayabania. Nilikuwa nakimbia kumwambia Mama, naye anasema, "Afadhali. Simu hapigi, lakini adabu hajaitupa." Siku hiyo hata magoti yanapumzika kugombezwa.

Nikazidi kuandika, kaka, hata yasiyo ya makochi. Niliandika kwamba kitanda chako bado kipo, na kwamba nikishika nyundo nakukumbuka, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kupiga msumari bila kujigonga kidole.

Mwezi uliopita nikapata ujumbe kwenye blogu kutoka karakana moja inayotengeneza viti vya hoteli: nije na vifaa vyangu. Mwenye karakana ni mama wa makamo, miwani yake imefungwa uzi. Nilipomwamkia alitabasamu.

"Marahaba. Leo nimekuitikia kwa mdomo," akasema. "Nakusoma tangu mwanzo, mwanangu. Niliona vibaya salamu ikae bila kujibiwa."

Kazi alinipa palepale. Kazi niliyoihangaikia kiasi kile, kaka, nami nikaomba kwenda msalani, nikalia. Yule mama hana kosa, ni mtu mwema kabisa. Ila nilijiona mjinga, na nilikukosa upya, kama vile umeondoka asubuhi ile.

Sasa nina meza yangu karibu na dirisha, na wenzangu wameshaanza kunitania kwa jinsi ninavyouma misumari mdomoni. Nafurahi, sisemi uongo. Lakini kwenye blogu sijaandika tena tangu siku ile.

Mama sijamwambia. Kila jioni ananiuliza, "Kaka yako kasema nini leo?" nami namwambia hujambo, unamsalimia. Siwezi kumwambia kwamba aliyekuwa akiitikia ni mtu baki. Tafadhali kaka, mwandikie kwa mkono wako, hata mstari mmoja, ili haya ninayomwambia yawe kweli.

Msalimie sana wifi, na uwabusu watoto kwa niaba yangu, hasa yule mdogo ambaye hata sura yake siijui. Kinyozi naye anakusalimu. Mungu akufunike popote unapolaza kichwa.

Akupendaye hata ukinyamaza,
Mdogo wako,
Kiroboto