Mlango wa Nyumba ya Baba

Kaka yangu Eukrate, nakusalimu huko Samo, wewe na mabaharia wenzako.

Mwanao ameota jino, sasa anamng'ata kila anayembeba. Kondoo tumewavusha kisiwani. Sisi tumo ndani ya kuta za Athene, tumebanana na majirani kwenye ua wa hekalu.

Wasparta wameingia tena mashambani kuchoma na kukata miti. Kama watu wote, tuling'oa mbao za nyumba tukazipakia kwenye mkokoteni. Mlango aliung'oa baba mwenyewe, akaufunga kamba vizuri, kisha akarudi kusimama kwenye vitunguu vyake.

"Baba, panda twende," nikamwambia.

"Kwani mimi watu wananiitaje?"

"Kepuros."

"Haya. Kepos ni bustani, uros ni mlinzi. Wangetaka mtu wa kupanda na kukimbia, wangeniita mpandaji."

"Hilo ni jina la kazi tu, baba! Utapigana na Wasparta kwa jembe?"

"Nitamwagilia. Hebu nendeni, mnanikanyagia vitunguu."

Nilidhani angetufuata jioni. Hakuja. Leo nimepanda ukutani, nikaona moshi upande wa kwetu. Labda ni kwa jirani. Upepo ulikuwa mkali, sikuona vizuri.

Usihangaike. Mlango tumeuegemeza hapa kuzuia baridi, na mwanao analala nyuma yake. Mimi ndiye nisiyelala. Kila nikiutazama, nakumbuka baba yuko kule peke yake, kwenye nyumba ambayo hata kuifunga hawezi.

Dada yako,
Melita