Mwenyewe Hayumo

Jumapili, mwisho wa Shaaban, 2008. Pengine si mwisho, kwa sababu mwezi unatafutwa leo magharibi. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua haishuki, joto limekaa kifuani. Mke wangu, Bi Zuwena, yuko jikoni anachagua mchele. Mimi nimejifungia chumba cha kompyuta kama mtu mwenye kazi ya kumaliza.

Sina kazi. Naona haya, na hapa ndipo nilipopata pa kujificha.

Nianze na gari. Shemeji yangu aliyeko Maskati ametuletea gari mpya, mpya kwetu, kwani Wajapani walishaitumia wakaichoka. Haina tundu la ufunguo. Unakanyaga breki, unabonyeza kitufe cha duara, inawaka. Ufunguo wake ni kidude cheusi cha plastiki, kadiri ya kibiriti, hukiingizi popote. Unakaa nacho mfukoni na gari inajua kipo.

Wiki mbili sasa na bado mkono wangu wa kulia unapapasa chini ya usukani kutafuta tundu. Siku ya kwanza nilibonyeza bila ya kukanyaga breki, ikawaka redio tu, nikakaa nasikiliza taarifa ya habari nikidhani gari inajipasha moto. Siku ya nne niliiacha inaunguruma nje ya msikiti sala nzima ya magharibi. Hata kuunguruma si neno lake, haina sauti. Bilali, mwadhini wa pale, ndiye aliyenifuata kwenye viatu kuniambia.

Na nikiri jambo jingine dogo. Ufunguo wa gari yangu ya zamani ulikuwa na mnyororo wa shaba, na nilipokuwa nikipita barazani pale Mkunazini nikiuzungusha kwenye kidole. Watu wakisikia ule mlio wakijua Maalim Nassor anakuja. Miaka ishirini na sita nimesomesha Kiswahili, nusu ya vijana wa mji huu wamepita mkononi mwangu, na bado nilihitaji ufunguo wa kuzungusha. Sasa sina cha kuzungusha. Nadhani kiburi kilichokuwa kwenye kidole kilihamia mdomoni.

Haya, jana.

Jana asubuhi tulitoka pamoja, mimi na Bi Zuwena. Yeye alikuwa na hitima kwa dada yake kule Bububu, mimi nilikuwa nakwenda Mkokotoni kutafuta samaki wazuri wa kuwekea Ramadhani. Mlangoni nilikuwa na sinia la maandazi mikononi, nikampa kile kidude, nikamwambia anishikie. Akakitia kwenye pochi yake. Tukapanda, nikabonyeza, ikawaka, maana pochi ilikuwamo ndani.

Tulipofika Bububu akashuka na sinia lake na pochi yake. Alipofunga mlango tu gari ikaanza kulia, tii, tii, tii, na taa ndogo nyekundu ikamweka, ikiwaka na kuzimika, mbele yangu. Nikadhani ni mkanda. Nikaikaripia, nikaenda zangu. Ilinyamaza kabla sijafika Mahonda, na mimi nikajisifu kwamba tumeanza kuelewana.

Mkokotoni niliegesha karibu na soko, mahali palipokuwa na kivuli. Akaja mtu wa makamo, mrefu, mwenye kofia ya mkono iliyofifia, muuza samaki. Baadaye nimejua anaitwa Makame na kwao ni Tumbatu, anavuka kila siku. Akanitolea salamu vizuri, akaniomba niisogeze gari kidogo kwa sababu matenga ya samaki yanateremshwa pale. Maneno yake yalichanganyika na Kitumbatu. Mimi, badala ya kumjibu alichokiomba, nikamsahihisha neno moja. Mbele za watu. Kisha nikamwambia nanunua samaki tu, pwani yote hii ni pana, kwani yeye amepaona hapo tu.

 Akayateremshia matenga yake juani.

Niliporudi na samaki wangu nikakanyaga breki, nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena na bismillahi ya kutamka. Kimya, na ile taa nyekundu inamweka tu. Watu wakaanza kukusanyika, kama inavyokuwa gari nzuri inapoharibika. Nilikuwa natoka jasho, samaki wanasubiri barafu, na kila mtu ana lake la kunishauri. Makame akasogea, akachungulia dirishani, akaitazama ile taa, akatikisa kichwa.

"Haitowaka hii, sheikh," akasema. "Mwenyewe hayumo."

Hapa nieleze kwa ajili ya msomaji asiye wa huku. Kwetu mtu akizungumzia mashetani hayataji. Husema wenyewe. Wenyewe hawataki, wenyewe wamekuja, mwenyewe amepanda kichwani. Na Mjini tumekulia katika maneno ya kijinga kuhusu watu wa Tumbatu, kwamba ukimuudhi mmoja wao basi chombo chako hakiondoki bandarini. Tunayasema kwa kucheka. Mimi mwenyewe nimewakanya wanafunzi darasani wasiyaseme, nikawaeleza kuwa ni dhulma kumpa mtu sifa mbaya kwa sababu ya kwao. Niliwaeleza vizuri sana.

Lakini jana, nilipolisikia lile neno moja, somo lote lilinitoka. Nilimwona mtu niliyemuudhi nusu saa nyuma, mtu wa Tumbatu, ananiambia gari yangu haina mwenyewe, kana kwamba yeye ndiye aliyemwondoa. Nikafungua mlango nikashuka.

"Umenlogea gari yangu," nilimwambia. "Kwa sababu ya matenga tu? Nyinyi watu wa Tumbatu hamwachi tabia zenu. Lifungue ulilolifunga, nnataka kwenda zangu."

Nimeliandika kama nilivyolisema. Nilitaka kulilainisha, nimelifuta mara mbili, nimelirudisha.

 Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza dagaa akajiziba mdomo kwa kanga. Makame hakupandisha sauti. Alinitazama tu, na uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyekwisha kuambiwa hivyo kabla, na pengine si mara moja.

Hapo hapo simu yangu ikalia. Simu yangu ni ya zamani na masikio yangu ni ya zamani, kwa hivyo sauti yake nimeiweka juu kabisa. Alikuwa Bi Zuwena.

"Baba Nasra, hiki kidude cha gari mbona ninacho mie kwenye pochi? Wewe umefikaje huko?"

Walisikia wote. Hakuna aliyecheka kwa sauti, na ningependa wangecheka.

Makame akasema taratibu, kama anayemweleza mgeni njia, kwamba alifanya kazi miaka mitatu Kendwa, hotelini, akiegesha gari za wageni. Zilikuwapo gari kama hii. "Kidude kile sisi tukikiita mwenyewe," akasema. "Ikiwa kimebaki kwa mtu mwengine, gari haimjui aliyekalia usukani."

Basi. Hilo ndilo lilikuwa neno lake.

Bi Zuwena alimpa dereva wa gari ya abiria kile kidude, akakileta. Ilichukua karibu saa mbili. Katika saa mbili hizo Makame alinipa kigoda chake, kwenye kivuli chake kidogo, akawatia samaki wangu kwenye barafu yake. Akaniletea dafu. Nililinywa. Nilikaa ubavuni mwa mtu niliyemwita mchawi, nikanywa dafu lake, na neno nisamehe halikutoka. Nilizungumza habari za hali ya hewa. Niliuliza bei ya barafu. Kidude kilipofika nilisema ahsante mara tatu, kwa Kiswahili fasaha, nikabonyeza kitufe nikaondoka.

Ahsante si nisamehe. Nalijua hilo vizuri kuliko watu wengi.

Jana alasiri nilifanya lile tunalolifanya wote siku hizi Ramadhani ikikaribia. Nilikaa nikatunga ujumbe mzuri wa simu: ikiwa nimekukosea kwa neno au kwa kitendo, kwa kujua au kwa kutojua, nakuomba unisamehe ili tuingie katika mwezi huu nyoyo zetu zikiwa safi. Nikautuma kwa kila jina lililomo simuni. Majibu yamemiminika. Amenisamehe daktari wa meno. Amenisamehe mtu ambaye simkumbuki ni nani. Mtu mmoja tu niliyemkosea kweli hayumo kwenye simu yangu.

Usiku nilimhadithia Bi Zuwena, ila nilimhadithia nusu. Nilimwambia nilipandisha sauti kidogo. Akaniuliza nilisema nini. Nikasema, maneno tu. Akanitazama akaendelea kukunja nguo. Miaka thelathini na mbili pamoja, anajua maneno tu maana yake ni nini.

Leo asubuhi nikaenda tena Mkokotoni. Kidude mfukoni, nakigusa kila baada ya mwendo mfupi. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Niliegesha mbali na pale mahali pa matenga, nikatembea kwa miguu.

Makame hakuwapo. Meza yake ilikuwa tupu, imemwagiwa maji ikakauka.

Na hapa ndipo penye aibu kubwa kuliko ya jana. Nilifurahi. Nilipoiona ile meza tupu moyo wangu ulishuka pahala pake, nikajiambia, umekuja, umetimiza wajibu, hayupo, basi. Nilikuwa nimeshageuka kurudi garini aliponiita yule mama wa dagaa, yule aliyejiziba mdomo. Anaitwa Bi Mize.

Hakuwa mkali. Aliniambia tu mambo yalivyo. Nilipoondoka jana watu walianza kumtania Makame. Mganga wa Gari, wanamwita. Mmoja kamletea baiskeli aifungue. Wengine wanacheka kwa mzaha, lakini wako waliokuja kununua wakamuona wakaenda meza ya pili, maana mzaha wa namna ile kwa watu wengine si mzaha. Akafunga mapema. Leo kabaki kwao.

"Atavuka alasiri, maji yakijaa," akasema Bi Mize. "Ungengoja, Maalim."

Alijua kuwa mimi ni mwalimu. Sijui kajuaje. Labda nasikika.

Sikungoja. Nilimwambia nina dharura mjini, nikamwachia salamu za kumpa Makame, kama kwamba salamu zangu zitamfutia mtu jina. Dharura yenyewe ndiyo hii, kukaa hapa mbele ya kompyuta.

Tangu adhuhuri nimekuwa najiuliza kitu kimoja. Nimwombe radhi vipi? Nilikuwa nimepanga kumvuta pembeni, kumnong'oneza, kumpa mkono, mambo yaishe baina yetu wawili. Lakini sikumtukana pembeni. Nilimtukana katikati ya soko, kwa sauti ya darasani, na lile jina limo vinywani mwa watu ambao mimi siwajui na yeye anaishi nao. Nikimnong'oneza nitajisafisha mimi, na yeye atabaki Mganga wa Gari Ramadhani nzima na baada yake. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyeyamwaga anaweza angalau kusimama pale pale akasema, ni mimi niliyeyamwaga.

Hilo ndilo ninaloliogopa. Kusimama pale pale. Mwalimu wa Kiswahili, mbele ya wauza samaki, akisema kwamba hakulielewa neno la Kiswahili. Kwamba waliposikia mchawi, walisikia ujinga wangu. Naogopa, na nimefika umri wa watu kunipa shikamoo.

Bi Zuwena kaingia sasa hivi. Kaniuliza kama nilimpata yule mtu. Nikasema hayupo. Akauliza, "Ulimngoja?"

 Nikamhadithia nusu iliyobaki, maneno yote kama yalivyo, nikiwa naitazama kompyuta.  Kisha akasema alasiri inakaribia kuadhiniwa, nisali msikiti wa njiani, na maji ya Mkokotoni yatakuwa yanajaa. Akasema kama mwezi utaonekana leo, basi uonekane mimi niko kule.

Kisha akaenda kwenye msumari nilipotundika koti, akarudi na kile kidude, akakiweka juu ya kibodi, juu ya vidole vyangu.

"Mwenyewe huyo," akasema. "Na safari hii uende naye."

Katoka. Sijui alikuwa akikisema kidude au akinisema mimi.

Naizima kompyuta. Gari nitaiegesha juani.