Gari Halikulilii, Baba Zuhura

Baba Zuhura,

Assalamu alaykum. Hutajibu, najua. Hata ulipokuwa hai, kukutoa jibu ilikuwa kazi, kwa hivyo hapo hakuna kilichobadilika sana.

Mimi bado nimo ndani. Eda haijafika nusu. Mtaa wote wa Makina unapita nje ya ua wetu wa mabati, nasikia viatu vyao, nasikia muuza maziwa akigombana na wateja, na mimi nazunguka papa hapa: kitandani, jikoni, uani, narudi kitandani. Nikichungulia langoni tu, Bi Halima wa jirani ananiita, "Mama Zuhura, rudi ndani, watu watasema nini?" Kwani watu wa Makina lini walikosa la kusema? Lakini narudi. Nimechoka, mume wangu. Kuna siku naona kuta hizi zinanisogelea.

Na uani tuko wawili tuliofungiwa: mimi na gari lako.

Tulipokuzika tu, likakataa kuwaka. Binti yetu akabeba betri hadi kwa jamaa wa kuchaji, akairudisha imejaa, gari likawaka vizuri. Kesho yake asubuhi, kimya, hata taa ya dashibodi hakuna. Akaipeleka tena, ikawa vile vile. Unaijua dizeli yako ile kuukuu, isipopata betri yenye nguvu inakohoa mara moja na kulala, na hapa uani hakuna mteremko wa kuisukuma. Basi wanawake waliokuja kunipa pole wakaamua wenyewe: gari linamlilia mwenyewe. Bi Halima akaleta maji ya kombe yaliyosomewa, akanyunyizia boneti na magurudumu yote, hata la spea. Nilitaka kucheka, nikalia. Maana hata mimi, kwa siku chache, niliamini.

Ndugu yako Ramadhani hakuamini hayo. Yeye kila jioni huleta sukari na unga, huuliza kama tumeamka salama, siwezi kumsema vibaya. Lakini ameshapanga maisha yangu yote bila kuniuliza. Eda ikiisha nihamie chumba cha nyuma kwake, nyumba hii ya kupanga tumrudishie mwenyewe, na gari liuzwe kabla halijaoza. "Shemeji, wewe gari utalipeleka wapi?" Nitalipeleka wapi! Kwani sufuria zangu za pilau za harusi zilikuwa zikienda kwa miguu? Tulilinunua pamoja, wewe kwa kazi yako na mimi kwa mandazi na pilau, na wewe mwenyewe ulinifundisha kuliendesha, ukipiga kelele, "Klachi, mama, klachi!" Bila gari sina kazi. Bila kazi, ni hicho chumba cha nyuma mpaka nife. Kile chumba hakina hata dirisha, Baba Zuhura.

Nikamwomba Ramadhani anipe muda nilitengeneze. Akacheka kwa upole, akasema, "Likiwaka tutaongea." Nami nikalishika neno lile kwa mikono miwili.

Ndipo rafiki yako Wafula, fundi wa umeme wa magari, akaja kutoka Gatina kule Kawangware kutoa pole. Ramadhani hakutaka mwanamume wa kando aingie uani nami nimo edani, basi Wafula akasimama kichochoroni, akanifundisha kazi kupitia mabati. Ungekuwepo ungecheka mpaka ukae chini. Alinipitishia juu ya ua balbu ndogo yenye waya mbili. "Mama Zuhura, toa ile waya nyeusi kwa betri. Umetoa? Sasa weka hiyo balbu hapo katikati, waya moja kwa betri, ingine kwa ile umetoa. Inawaka?" Inawaka! Gari limezimwa, ufunguo uko mfukoni mwangu, na balbu inawaka. "Haya," akasema, "hapo kuna kitu inakunywa moto ya betri gari ikiwa imelala."

Tukatoa fyuzi moja moja. Ya redio, ya taa, ya waipa, ya honi. Zuhura anazipanga kwenye sinia, mimi naangalia balbu, Wafula anauliza kutoka nje, "Imezima?" na mimi, "Bado." Watu wa kichochoroni wakaanza kunisaidia kuitikia: "Bado!" Fyuzi zikaisha zote, balbu bado inanikodolea jicho. Zuhura akakaa chini. "Mathe, hii gari inatucheza. Wacha iende tu." Nilimkaripia hata nikajishangaa. Iende wapi? Ikienda, na mimi nimekwenda.

Wafula akasema kuna vitu havipiti kwenye fyuzi. Nirudishe kila kitu, betri ilale imefungwa waya zake, na alfajiri, kabla jua halijagonga gari, nipeleke mkono kwenye altaneta, ile mashine inayochaji betri injini ikizunguka. Ikiwa na joto wakati injini imelala, mwizi ni huyo.

Nikaswali, nikatoka na leso kichwani. Boneti ilikuwa na umande. Nikagusa injini, baridi. Nikagusa bomba la maji, baridi. Nikapeleka mkono chini kwenye altaneta, na Baba Zuhura, ilikuwa na joto. Joto kidogo tu, la mtu aliyetoka kuamka. Mkono wako niliushika mara ya mwisho pale hospitali ukiwa umeshapoa, nikaambiwa inatosha, niuache. Basi nikasimama pale nimeshika kile chuma, nikalia kama mtoto. Bi Halima akaniita juu ya ua kuuliza nimepatwa na nini. Nikamwambia nimepata kinachokunywa betri. Akasema, maskini, amechanganyikiwa.

Wafula alipokuja tena nikarudisha balbu pale pale, nikafungua waya mnene wa altaneta, na balbu ikazima papo hapo. Nikampigia kelele za furaha kupitia mabati. Yeye akaguna tu. "Kwani mzee hakukuambia? Nilimwambia dayodi za hiyo altaneta zimekufa, moto inarudi nyuma. Akasema atakuwa anatoa waya ya betri kila jioni mpaka apate nafasi aniletee."

Wewe!

Kumbe ndiyo yale ya kila jioni, "Naenda kuliangalia gari"? Nami nikikutania, nenda ukamlaze mke mwenzangu. Ulicheka, ukatoka na spana mfukoni, ukarudi, ukala, hukusema neno. Lile gari halikuugua ulipokufa. Lilikuwa gonjwa siku nyingi, ni wewe uliyekuwa ukiufungua waya wa betri na kuufunga kimyakimya, na ulipoondoka hakuna aliyejua. Nilikasirika, wacha nikwambie ukweli. Nilikasirika mpaka nikakosa kula. Maana kifua chako nacho ulikifanya hivyo hivyo. "Ni kikohozi tu." Ungeniambia, mume wangu! Spana ningeishika. Hospitali ningekupeleka mapema. Mimi ni mkeo, si mgeni.

Sasa sikia upumbavu wangu mimi. Zuhura akapeleka altaneta Gatina ndani ya kiondo, Wafula akabadilisha dayodi, ikarudi, nikaifunga mwenyewe na mkanda wake. Betri ikalala imefungwa, na asubuhi gari likawaka mara moja, likamwaga moshi wake wote kwenye nguo alizoanika Bi Halima. Ramadhani akalisikia kutoka barabarani, akaja mbio, uso umejaa furaha. "Alhamdulillahi, shemeji! Sasa tutapata bei ya maana. Mnunuzi anakuja Jumamosi." Nilidhani nikiliwasha nimetoka, kumbe najifungia mlango kwa mkono wangu.

Jumamosi, kabla hawajafika, nilitoa ule waya mweusi, nikaviringisha nailoni ya mkate kwenye kichwa cha betri ili umeme usipite, nikaurudisha juu yake kama umefungwa. Mnunuzi akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Bi Halima, Mungu amsamehe, akamweleza juu ya ua kwamba gari hilo linamlilia marehemu. Yule bwana aliruka nje kama aliyekalia siafu, hata mkono wa kwaheri hakumpa Ramadhani. Mimi niko nyuma ya pazia, nimebana kicheko kwenye leso.

Kisha nikamwona Ramadhani. Alibaki peke yake pale uani, ufunguo mkononi, akapapasa boneti. "Pole, kaka," akasema. Sijui alikuwa analiambia gari au wewe. Kicheko kikaniisha. Nikajiona nimesimama nyuma ya pazia, najua kila kitu na sisemi kitu, nikasema ala, si huyu ni Baba Zuhura mtupu!

Sitaki kuwa hivyo. Eda imenizuia kutoka, haikunizuia kusema. Anaweza kukasirika. Anaweza kumrudisha mnunuzi leo leo, kwa sababu kitabu cha gari kina jina lako na mimi sina cha kuonyesha ila mikono hii iliyoungua mafuta ya mandazi. Naogopa. Lakini kuishi nimejificha nyuma ya pazia nako ni chumba kisicho na dirisha.

Lala salama, Baba Zuhura, Mungu akupanulie kaburi lako. Altaneta nimekusamehe. Kifua bado, nipe muda. Nakuahidi Zuhura hatasikia kwangu "ni kikohozi tu". Chochote kitakachoniuma, atakijua siku hiyo hiyo. Na eda ikiisha, kama gari bado ni letu, safari ya kwanza nitapita makaburini nikupigie honi.

Ramadhani huyo, anabisha hodi. Nakwenda kumwambia kwamba gari linawaka, waya niliutoa mimi, na haliuzwi.

Mkeo,
Mama Zuhura