Aliambiwa Afute Tope, Akafuta Sauti Yako

Maalim,

Nakuandikia nikiwa na kinyaa. Huzuni nimekwisha kuizoea kidogo. Nakaa nayo hapa Bugolobi, Kampala, kama mtu anavyokaa na mpangaji asiyetaka kuhama. Kinyaa ni kipya. Na wewe ndiye mtu pekee niliyezoea kumlalamikia bila kuambiwa nipunguze sauti.

Kompyuta yako ilifutwa.

Ngoja nieleze kwa utaratibu, maana unanijua. Mkeo Bi Saumu akiwa bado kwenye eda yako, mvua ilirudi kwenu Bwaise na maji yakaingia nyumbani kwako kama kawaida yake. Bi Saumu aliiwahi kompyuta akaiweka juu ya kabati, lakini tope lilikuwa limekwisha kuirukia. Likakauka, likawa vumbi jekundu kwenye kila kitufe. Juu ya hayo mashine ikagoma kuwaka: kiduara kinazunguka, kinazunguka, basi. Mwanao Zaituni akaipeleka kwa fundi wa pale barabarani, yule mwanajeshi mstaafu wanayemwita Afande.

Afande, kwa kumheshimu binti wa Maalim, aliacha Kiganda akazungumza naye Kiswahili chake cha kambini. Akaitazama mashine, akauliza, "Dada, nafuta?"

Zaituni akalitazama lile tope, akaona haya. "Futa, Afande. Futa vizuri, hata huku pembeni."

Unaona, Maalim? Neno moja. Ulitumia miezi yako ya mwisho ukirekodi maneno katika kompyuta hiyo, ukiwaeleza wajukuu wasiojua ila Kiganda na Kiingereza, ili Kiswahili cha babu zako kisizikwe pamoja nawe. Yote yaliondoka kwa neno ambalo hukudhani linahitaji maelezo.

Zaituni siwezi kumlaumu. Kwenu kufuta ni kufuta meza. Lakini fundi alijua anachofuta.

Kuweka mfumo mpya wa kuendesha kompyuta, kama alivyofanya, si kosa. Fundi ana flashi yenye mfumo mzima ndani yake. Anaichomeka, anaiwasha kompyuta na kuiamuru ianzie kwenye flashi badala ya diski yake yenyewe. Kabla ya kujimwaga, mfumo mpya unauliza: niwekwe wapi? Hapo ndipo penye ufundi. Mwenye adabu anasimama hapo, anaangalia kwanza mna nini, ananakili vitu vya watu kando. Mvivu anafuta diski yote na kumwita mteja anayefuata. Na skrini ile huonya, Maalim. Humwuliza mtu kama ana hakika. Afande alikuwa na hakika.

Nilimwendea. Flashi yake inaning'inia kwenye funguo za pikipiki, imeganda mafuta ya chapati. Imeingia katika mashine za Bwaise nzima na kutoka na uchafu wa kila moja. Kwenye kioo cha kompyuta yako, pale ulipoweka picha ya wajukuu, palikuwa na tangazo la kamari. Nikamwuliza kwa nini hakutazama kilichomo.

"Mwalimu, kira kitu sasa iko mpya!" Kira, kwa R ileile uliyopigana nayo darasani maisha yako yote. Kisha akacheka. "Sasa, marehemu natumia kompyuta?"

Waliokuwa kwenye benchi wakacheka naye. Nimefundisha Kenya, nimefundisha hapa, nimetukanwa na wazazi na wakaguzi, lakini sijawahi kutamani kunawa mikono kwa sababu ya kicheko. Niliizima mashine palepale kwa kuikatia umeme, nikaondoka nayo bila kuaga.

Niliizima kwa sababu moja. Kilichofutwa namna hiyo hakiondoki mara moja. Diski ya zamani kama yako hufuta anwani tu. Vitu vyenyewe hubaki mahali pake mpaka kingine kiandikwe juu yake. Maana yake, kila dakika mashine ilipowaka, uchafu wa Afande ulikuwa ukiandikwa juu ya mdomo wako. Basi nilitengeneza flashi yangu, yenye mfumo mdogo unaofanya kazi humohumo ndani ya flashi bila kuandika chochote kwenye diski, na programu ya kutafuta vilivyofutwa. Nikaiwasha kompyuta kwa flashi hiyo, nikachomeka diski nyingine ya kupokelea, nikaiacha ichimbe.

Ilichimba kutwa. Vingi vimekwenda, Maalim, sikufichi. Vingine vimerudi vimekatika katikati, vinakwaruza kama redio mbovu. Vilivyopona vimepoteza majina, vina namba tu, na huwezi kujua ni neno gani mpaka usikilize.

Nikavipeleka Bwaise. Bi Saumu aliketi mkekani. Zaituni alisimama mlangoni, hakutaka kuingia. Nikafungua sauti ya kwanza. Ulikuwa ukieleza tofauti ya kungoja na kusubiri, kwa madaha yako yale, mara ukakatiza somo ukaita, "Mama Zaituni, hiyo chai inatoka Mombasa?"

Bi Saumu akasimama. Alifika mpaka kwenye pazia la jikoni ndipo akakumbuka. Akabaki amelishika lile pazia, nawe ukaendelea kufundisha.

Nilitazama ukuta. Zaituni akaingia, akamshika mama yake bega.

Yule mtu sitamsamehe upesi, na usinihimize, najua ungenihimiza. Lakini ahadi yangu ni hii. Kila Jumamosi nitakuwa nakwenda nyumbani kwako. Tutasikiliza zile namba moja moja na wajukuu, na Zaituni ndiye atakayeipa kila sauti jina lake. Palipokatika, Bi Saumu atajaribu kukumbuka ulikuwa ukisema nini. Atakaposhindwa yeye, nitaeleza mimi, na wajukuu zako watajifunza Kiswahili cha Mkristo wa Kenya. Ukichukizwa huko uliko, vizuri. Tutakuwa wawili.

Lala salama, Maalim.

Rafiki yako,
Mwalimu