Jogoo wa Boma Jipya

Baba Lorine, huko Macalder,

Simu yako haiingii, kwa hivyo nimempa Caren barua hii. Anakuja huko kuuza omena.

Sisi tuko wazima. Mwewe alibeba vifaranga wanne mchana kweupe, kisha kenge akamaliza mayai. Nimekata wavu wako wa samaki nikafunika banda la kuku. Usikasirike, tangu uende kuchimba dhahabu wavu huo ulikuwa unaliwa na panya tu.

Yule jogoo uliyemchagua umbebe, kama mila inavyotaka, siku tutakayotoka kwa baba yako tukaanzishe boma letu, mwewe na kenge hawamfikii tena. Lakini siku hizi anawika kwa kukohoa, na kuruka hawezi. Uzee ndio sijui nitauzuia na nini.

Ni mimi,
Leonida wako