Sodo Katika Chumba cha Kuswalia

Somo wangu,

Nakuomba kabla hata ya salamu: haya ninayokuandikia yabaki kwako. Usimwambie mtu yeyote huko mliko, na hasa usimwambie bibi yangu, maana unajua hakuwa na kifua cha kuweka neno. Mimi ni karani wa mkataba tu, na ofisi yenyewe siitaji. Wewe unaijua. Uliwahi kuja kufuata cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wako, ukaamkiana na foleni nzima mpaka zamu yako ikakupita.

Shikamoo, Somo. Amani ya Mungu iwe juu yako na juu ya wote mliolala hapo Munje.

Nimechoka. Sijui kama marehemu huambiwa hivyo, lakini ndivyo nilivyo. Tangu tukuzike, mwanao amehamia nyumbani kwako na mkewe, wameipaka rangi ya kijani, na kuku wako wote wameliwa. Riziki, binti wa dada yangu, amevunja ungo, na hakuna somo aliyeitwa kumfunda. Dada alimwachia pakiti ya sodo juu ya kitanda, akaenda zake sokoni. Nilitaka kumketisha mtoto nimweleze kama ulivyonieleza mimi, nikaona haya. Ninaweza kuandika ripoti ya kurasa kumi, Somo, lakini hilo lilinishinda.

Sasa nikueleze lililonifanya nikuandikie barua hii.

Serikali imeleta sodo za bure katika ofisi za umma. Ndiyo, za bure, kwa yeyote mwenye haja, awe mfanyakazi au mwananchi aliyekuja kufuata huduma. Zilipofika katoni zile nilikukumbuka ukicheka pale dukani Kona ya Musa, siku uliyonipeleka kununua pakiti yangu ya kwanza. Muuzaji aliifunga kwa gazeti, akaitia mfuko mweusi, kisha akaitia mfuko mwingine. Ukamwambia mbele ya watu, "Mwanangu, mbona wafungasha hivyo, kwani umeniuzia bangi?" Watu wakaangua kicheko, nami nikatamani ardhi inimeze. Njiani ukaniambia, "Siku zako ndizo siri. Pamba ni pamba."

Mkuu wetu ni mtu wa bara, na ni mtu mwema, nisimsingizie. Alizunguka na katoni moja akitafuta pa kuiweka. Choo cha wanawake kiko nje uani, kitasa kimevunjika, na sabuni ikiwekwa asubuhi, adhuhuri haipo. Basi akaamua kuiweka katika chumba cha wanawake cha kuswalia. Ni safi, kina rafu, wanaume hawaingii, na hakuna mwizi atakayeiba penye misala. Akatuita wanawake wote tukaone. "Hapo sasa," akasema, "hakuna mtu wa kuwasumbua akina mama."

Somo, tuliangaliana. Mama Kadzo, anayefanya usafi, alijifunika mdomo kwa leso, mabega yakawa yanatikisika. Chumba kile huingia mwenye udhu anayekwenda kuswali. Mwenye haja na sodo ndiye hasa asiyekanyaga mle, kwa desturi yetu. Na wale ambao si Waislamu, kama Mama Kadzo mwenyewe, huishia mlangoni; yeye hufagia hapo tu. Lakini nani angemweleza mwanamume mambo hayo, tena makarani wanaume wamesimama nyuma yake na vikombe vya chai? Tulisema, "Ahsante, mkuu." Sote. Hata mimi mwenye diploma.

Katoni ikakaa. Vumbi likaikalia. Sisi tukaendelea kuazimana pakiti chini ya meza na kuchana leso kuukuu.

Kisha akaja mama mmoja kutoka upande wa Kinango na binti yake wa shule, kufuata cheti ili mtoto asajiliwe mtihani. Walikuwa wameondoka kwao alfajiri. Nilipoita jina la yule binti, hakuinuka kwenye benchi. Nikaita tena. Wanaume wa foleni wakaanza: "Huyu mtoto hasikii?" "Inuka, mwanangu, ofisi si ya babako!" Mama yake akamvuta mkono, naye akawa anakaza magoti na kulia bila sauti. Nikajua. Nilimfunga leso yangu kiunoni, nikampeleka choo cha uani, nikamwambia anisubiri.

Nikaenda mbio mpaka mlango wa kile chumba, nikasimama. Nami nilikuwa katika siku zangu, Somo.

Niliiona katoni juu ya rafu, karibu kabisa. Nilivua viatu, nikavivaa tena. Mama Kadzo akapita na ufagio wake, akanitazama, akautazama mlango, akaelewa. Akanipa ufagio. Nikainama kizingitini, nikanyoosha mkono, nikaikokota katoni ile kwa ufagio kama mtu anayetoa nyoka uvunguni, mpaka ikaanguka na kubingirika hadi kwangu. Mama Kadzo alicheka hadi akashika ukuta. "Ukistaafu hapa," akasema, "utavua pweza."

Yule binti alipata sodo, kisha cheti chake. Na katoni sikuirudisha. Niliiacha kule chooni, juu ya ndoo iliyofudikizwa. Sikumwomba mtu ruhusa. Sodo zilianza kutoka siku ile ile. Nilipokwenda kutazama, nilikuta wanawake wanapeana nafasi mlangoni bila kusemezana, na mmoja, bibi mtu mzima, amemchukulia mjukuu wake na kuficha kifuani kama anavyoficha simu. Sijawahi kuipenda kazi yangu kama juma lile.

Katoni ikaisha, ndipo mkuu alipoiona rafu tupu.

Alituita kikao. Akasema sodo zimeibwa, zote kwa mpigo, na kwamba mwenye ufunguo wa vyumba ni mmoja tu, anayefanya usafi. Mama Kadzo aliambiwa akae nyumbani mpaka neno hili liishe. Katoni zilizobaki stoo zitarudishwa Kwale, kwa kuwa, alisema mkuu, muda wote zilipokuwa salama hakuna aliyezigusa, na mara zikaibwa. Basi ofisi hii haizihitaji. Nami nilikuwa nimeketi pale, kalamu mkononi, nikiandika kumbukumbu za kikao. Niliandika "zimeibwa" kama alivyosema. Mkataba wangu unakaribia kwisha, na anayepeleka jina langu ni yeye.

Mama Kadzo alinitazama mara moja tu. Akachukua mkoba wake, na alipofika mlangoni akageuka: "Ufagio wangu asipewe mtu. Ninarudi."

Gari la kuzirudisha katoni linakuja kesho. Kwa hiyo kesho asubuhi lazima niseme. Na siwezi kusema nusu, Somo. Nikisema tu kwamba niliihamisha, ataniuliza kwa nini, na kwa nini sikuingia kuichukua kama mtu, mpaka Mama Kadzo akahitajika na ufagio wake. Itanibidi nimwambie mwanamume, mbele ya wanaume, kwamba nilikuwa katika siku zangu. Jambo ulilonifunda nisimwambie hata mama mzazi. Nimelirudia neno hilo mbele ya kioo, linakwama.

Nisamehe. Siku zile zilikuwa siri yangu na yako, na kesho nitazitoa. Lakini mwenzangu anakaa kwake akiitwa mwizi kwa ajili ya haya yangu, na kuna mabinti watakaokuja kwenye benchi lile. Ninakuahidi nitasema kabla gari halijapakiwa, na nitasema nikiwa nimesimama. Jumamosi, nikiwa na kazi au sina, nitamketisha Riziki.

Kwaheri, Somo. Mungu akupanulie mahali pako.

Ukitaka kunijia, usinijie ofisini, huenda usinikute. Njoo nyumbani kwa mama, upitie uani, kwa maana mlango wa mbele unalia na baba huamka. Dirisha langu ni lile lenye pazia la leso. Usiogope kuniamsha. Siku hizi silali sana.

Mwari wako